Ngano, Magugu na Fagio la Gileadi

Je, jamii ya waamini inaweza kutakaswa kwa kuwaondoa watu? Swali hili si geni kwetu. Linarudi kila unapokaribia uchaguzi wa wazee wa kanisa, kila hesabu za jengo zinapokosa kulingana, na kila kikundi cha maombi kinapoanza kufundisha jambo ambalo wengine hawakulizoea. Hapo husikika sauti zikisema, "Kwanza tusafishe." Neno hilo ni tamu, kwa maana hakuna apendaye kuabudu penye uchafu. Lakini tukishaulizana ni nini hasa kinachosafishwa, mara nyingi tunagundua kwamba hatusemi habari za dhambi tena. Tunasema habari za watu: yule, na kundi lake, na wale wanaoketi naye.

Katika insha hii tunataka kulipima neno hilo "kusafisha". Tutaanza na nchi ambayo haijawahi kuwako, kisha tutaenda mahali palipowahi kuwako, na mwisho tutalileta swali mbele ya Maandiko.

Mwaka 1985 mwandishi wa Kanada, Margaret Atwood, alitoa riwaya iitwayo The Handmaid's Tale, yaani simulizi ya mjakazi. Mwaka 2019 akatoa ya pili, The Testaments, ambayo ilipata tuzo ya Booker kwa kugawana na kitabu kingine. Hivi si vitabu vya kanisa, na wako Wakristo waliovilalamikia. Habari yake ni hii. Katika siku zijazo, kundi la watu wa dini linaipindua serikali ya Marekani, linawaua viongozi wake na kuwasingizia wengine, kisha linasimamisha dola linayoiita Gileadi. Jina hilo limetolewa katika Biblia. Maafisa wake husalimiana kwa maneno ya Biblia, maduka yake huitwa kwa majina ya Biblia, na wapelelezi wake huitwa Macho. Lakini Biblia yenyewe hufungiwa ndani ya sanduku. Bwana mkubwa wa nyumba ndiye mwenye ufunguo, naye huwasomea wengine kile anachotaka wasikie. Wanawake, isipokuwa wachache waliopewa kazi ya kuwasimamia wenzao, hawaruhusiwi kusoma kabisa.

Atwood amesema mara nyingi kwamba alijiwekea sharti moja: asiingize katika kitabu jambo lolote ambalo wanadamu hawajawahi kulitenda mahali fulani. Kwa hiyo tukisoma habari za Gileadi hatusomi ndoto tupu. Tunasoma mambo yaliyookotwa huku na huku katika historia na kuwekwa chini ya paa moja.

Tuangalie basi jinsi fagio la Gileadi linavyotembea. Tungetazamia kwamba dola ya dini ingeanza kwa kuwasaka wasioamini. Lakini miongoni mwa wanaotundikwa ukutani wamo mapadre wa Kikatoliki na Waquaker, na katika milima jeshi linapigana na Wabaptisti. Wanaofagiwa mapema ni watu wanaomwomba Kristo, ila hawamwombi kwa namna iliyoamriwa. Baadaye fagio linageuka ndani. Mwishoni mwa kitabu cha kwanza, wanahistoria wa miaka mingi baadaye wanakisia kwamba Kamanda aliyekuwa bwana wa yule mjakazi huenda ni mmoja aliyeuawa katika usafishaji wa awali kabisa. Alishtakiwa kwamba amelegea, kwamba alikuwa na vitabu na picha zilizokatazwa, na kwamba alimhifadhi adui nyumbani mwake. Mtu huyo alikuwa miongoni mwa waliozitunga sheria zilizomhukumu. Wahenga walisema: mchimba kisima huingia mwenyewe.

Katika kitabu cha pili unakuja usafishaji mkubwa kuliko yote, nao unapewa jina la Baali. Siri za wakubwa wa Gileadi zinavushwa hadi Kanada na kutangazwa huko: wizi wao, uzinzi wao, mauaji yao. Badala ya kutubu, wakubwa wanashikana wao kwa wao. Kila mmoja anamtafuta Baali katika nyumba ya jirani yake. Safu ya viongozi inapungua, dola inadhoofika, wanajeshi wanaasi na wananchi wanainuka. Gileadi haikuangushwa na wapagani kutoka nje. Ilikatwa na panga lake lenyewe.

Kwa nini iwe hivyo? Kwa nini usafishaji usikome wabaya wanapokwisha? Sababu, tunavyoona, ni kwamba usafi wa moyo haupimiki kwa macho ya mtu. Mwizi unaweza kumpima kwa hesabu, na mwongo kwa ushahidi. Lakini "si mwenzetu kwa kweli" huipimi kwa lolote. Basi watu hupima kitu kingine kilicho karibu, nacho ni ukali. Mwenye kulaani kwa sauti kubwa anaonekana safi, na aliyenyamaza anatiliwa shaka. Anayeuliza, "Tuna uhakika?" anaonekana kwamba naye ana la kuficha. Hapo kila mtu hujifunza kwamba njia salama ni kumtaja mwenzake kabla hajatajwa yeye. Na kwa kuwa hofu hiyo haiishi, majina nayo hayaishi.

Jambo hili lilitokea kweli, tena katika mkoa uleule ambao Atwood ameiweka Gileadi yake. Yeye aliwahi kusoma katika Chuo Kikuu cha Harvard, Massachusetts, na alikitoa kitabu chake kwa heshima ya mwalimu wake wa huko pamoja na mwanamke mmoja wa zamani aliyeitwa Mary Webster, aliyetundikwa kwa tuhuma za uchawi akanusurika. Waliolianzisha koloni la Massachusetts katika karne ya 17 walikuwa watu wa sala, waliovuka bahari ili wamwabudu Mungu bila kuingiliwa. Hata hivyo, mwaka 1660 walimnyonga Mary Dyer katika mji wa Boston kwa sababu alikuwa Mquaker aliyekataa kukaa mbali. Na mwaka 1692, huko Salem, waliwanyonga watu 19 kwa tuhuma za uchawi, na mzee mmoja akafa kwa kukandamizwa na mawe kwa sababu alikataa kujibu mashtaka.

Tuzingatie jinsi hukumu za Salem zilivyokwenda. Waliokiri kwamba ni wachawi, wakawataja na wenzao, maisha yao yaliokolewa. Walionyongwa ni wale waliosimama na kusema, "Mimi si mchawi." Maana yake, mwenye kuogopa uongo alikufa na mwenye kusema uongo aliishi. Bibi mmoja wa miaka 71, Rebecca Nurse, mshiriki wa kanisa mwenye sifa njema, alionekana hana hatia na baraza la waamuzi. Wakaambiwa wafikiri tena. Wakafikiri tena, wakamwona ana hatia. Kanisa lake likamtenga, naye akanyongwa mwezi Julai. Ikiwa kanisa linataka kujua usafishaji unazaa nini, hili ndilo tunda lake: linabaki na wale waliojifunza kusema uongo.

Sasa tuliendee Neno. Gileadi ya Biblia ni nchi ya ng'ambo ya Yordani, mashariki, maarufu kwa zeri yake ya kuponya majeraha. Lakini ni katika habari za watu wa Gileadi pia tunapolikuta neno "Shibolethi". Waamuzi sura ya 12 inatueleza jinsi Wagileadi wa Yeftha, baada ya kuwashinda Waefraimu vitani, walivyokaa kwenye vivuko vya Yordani. Kila aliyetaka kuvuka aliambiwa atamke neno hilo. Ulimi wa Mwefraimu haukuweza kuitoa herufi ile ya kwanza, akasema "Sibolethi", naye akachinjwa papo hapo kivukoni. Maandiko yanataja watu 42,000. Hawa hawakuwa wageni. Walikuwa wana wa Israeli, wajukuu wa Yakobo, watu wa agano moja. Hakuna aliyewauliza kama wanampenda Bwana. Waliulizwa matamshi.

Na ni huko huko Gileadi, katika Ramothi, ambako Yehu mwana wa Yehoshafati alitiwa mafuta awe mfalme. Habari zake zimo katika 2 Wafalme sura ya 9 na ya 10, na kila anayependa neno "kusafisha" angezisoma taratibu. Yehu alipewa kazi ya kuipiga nyumba ya Ahabu. Aliifanya. Vichwa vya wana 70 wa Ahabu vililetwa ndani ya vikapu, vikapangwa mafungu mawili langoni. Akawaua na ndugu 42 wa Ahazia, mfalme wa Yuda, aliokutana nao njiani. Akamwalika Yehonadabu apande garini auone wivu wake kwa ajili ya Bwana. Kisha akawaita waabudu wote wa Baali kwa hila, akisema yeye atamtumikia Baali kuliko Ahabu. Walipojaa hekaluni, wamevaa mavazi ya ibada, akawatia askari. Bila shaka Atwood hakuliokota jina la Baali njiani.

Wengi wetu huishia hapo na kusema: basi Mungu aliupenda usafishaji. Na ni kweli, sura ile inasema Bwana alimwahidi Yehu kwamba wanawe wataketi juu ya kiti cha enzi hata kizazi cha nne. Lakini tusifunge kitabu mapema. Aya zinazoizunguka ahadi hiyo zinatuambia kwamba Yehu hakuziacha ndama za dhahabu zilizokuwa Betheli na Dani. Kwa nini aliyeing'oa sanamu moja aliziacha nyingine mbili? Ndama zile ziliwekwa na Yeroboamu ili watu wasipande kwenda Yerusalemu, moyo wao ukarudi kwa mfalme wa Yuda. Zilikuwa nguzo ya ufalme. Baali alikuwa wa Ahabu, lakini ndama zilikuwa na faida kwa Yehu. Basi fagio lake lilifika mpaka pale maslahi yake yalipoanza, likasimama.

Tena sura hiyo inaendelea kusema kwamba katika siku hizo Bwana alianza kuipunguza Israeli. Hazaeli wa Shamu akawapiga, akaitwaa nchi yote ya Gileadi, mahali pale pale Yehu alipotiwa mafuta. Na liko jiwe la kale, leo limewekwa katika jumba la makumbusho la Uingereza huko London, lililochongwa kwa amri ya Shalmanesa, mfalme wa Ashuru. Linamwonyesha Yehu, au mjumbe wake, ameinama uso mpaka chini akileta kodi. Wataalamu wengi wanasoma maandishi yake kwamba yanamwita Yehu wa nyumba ya Omri, yaani nyumba ile ile ya baba yake Ahabu aliyoifuta. Kwa macho ya mataifa, aliyesafisha na aliyesafishwa walikuwa kitu kimoja.

Kisha, karne moja baadaye, nabii Hosea anaanza kitabu chake kwa neno zito. Mungu anamwambia amwite mwanawe wa kwanza Yezreeli, kwa sababu damu iliyomwagika Yezreeli itapatilizwa juu ya nyumba ya Yehu. Wako wanaoona mgongano hapo. Sisi tunaona onyo. Mtu anaweza kutumwa kazi ya kweli, akaifanya kwa moyo wa kujitafutia, na damu aliyoimwaga ikaandikwa kwa jina lake mwenyewe. Kusema "Bwana alinituma" hakumwondolei mtu hesabu.

Hapa mwenzetu anaweza kuuliza kwa haki kabisa: je, basi tuache kila kitu? Mtunza hazina akila sadaka, tumwimbie pambio? Mwalimu akiwadhulumu watoto wa shule ya Jumapili, tuseme tu kwamba Mungu ndiye ahukumuye? Hasha. Kunyamazia uovu si upendo, na kanisa linaloficha mwovu kwa ajili ya kulinda jina lake limekwisha kulipoteza jina hilo. Bwana wetu mwenyewe alifundisha jinsi ya kumwonya ndugu, katika Mathayo 18. Paulo naye aliwaagiza Wakorintho wamwondoe mtu kati yao kwa sababu ya dhambi iliyo wazi.

Atwood naye analigusa jambo hili. Katika The Testaments yuko daktari wa meno anayeheshimiwa ambaye huwadhulumu wasichana wadogo wanaoletwa kutibiwa. Hakuna msichana anayeweza kumshtaki, maana neno la msichana halina uzito mbele ya neno la mwanamume. Mwishowe Lydia, mkuu wa wanawake wasimamizi, anamtegea mtego: mwenzake anadai uongo kwamba daktari amemshambulia, na daktari anararuliwa hadharani na wajakazi. Ni mwenye hatia kweli, lakini anakufa kwa kosa ambalo hakulitenda, na yale aliyoyatenda hayatajwi. Hivyo Gileadi, pamoja na kunyonga kwake kote, haina haki hata moja ya kumpa mtoto aliyeumizwa. Penye fagio kubwa hakuna baraza la kusikiliza. Vitu hivi viwili, usafishaji na nidhamu, havifanani hata kidogo. Kimoja hukua pale kingine kilipokufa.

Tunawezaje basi kuvitofautisha? Tunaona alama nne. Kwanza, nidhamu ya kanisa hutaja tendo. Usafishaji hutaja aina ya watu. Pili, katika nidhamu mshtakiwa humjua mshtaki wake na hupewa nafasi ya kujibu. Katika usafishaji jina hupita gizani, kwa simu na minong'ono, na mtu hustukia amekwisha kuhukumiwa. Tatu, nidhamu huacha mlango wa kurudi. Paulo aliyeagiza mtu aondolewe, katika barua ya pili aliwasihi Wakorintho wamsamehe aliyeadhibiwa na kumfariji, asije akamezwa na huzuni. Usafishaji hauna barua ya pili. Nne, nidhamu inawafikia hata walioishika. Fagio huwa na mpini, na aliyeushika mpini hafagiwi, mpaka siku atakapomwangukia mwenye nguvu kuliko yeye.

Kuna swali moja gumu zaidi ambalo riwaya hii inatuachia. Yule Lydia ndiye aliyezikusanya siri za wakubwa kwa miaka mingi na kuzitoa nje. Zamani alikuwa hakimu, akakamatwa, akavunjwa moyo, akakubali kuwatumikia watesi wake ili aishi. Alichokitoa kilikuwa kweli tupu. Lakini alijua kwamba wakubwa wakiipata kweli hiyo watauana, naye alilitegemea hilo. Je, alitenda haki? Hatuwezi kumlaumu kwa kuitoa kweli. Waliouana waliuana kwa mikono yao. Ila hatuwezi pia kumfanya kielelezo chetu. Kweli ya Injili hutolewa ili mtenda dhambi aokoke, nayo haifurahii maangamizi yake. Tukiitunza aibu ya ndugu yetu kabatini, tukingojea siku ya uchaguzi ili imwangushe, tumeigeuza kweli kuwa panga, hata kama kila neno ndani yake ni sahihi. Aliyejua na kunyamaza miaka kumi ili aseme kwa faida yake, hakusema kwa ajili ya kanisa.

Bwana Yesu alitupa mfano wa magugu katikati ya ngano. Watumwa walikuwa na bidii. Walitaka kung'oa siku ile ile. Mwenye shamba akawazuia, si kwa sababu aliyapenda magugu, bali kwa sababu wangeing'oa na ngano. Wapo wanaokumbusha kwamba shamba katika mfano ule ni ulimwengu, wala si kanisa, na wako sahihi. Lakini hilo linaongeza uzito: ikiwa hata ulimwenguni tumekatazwa kushika kazi ya wavunaji, wala si sisi bali malaika waliopewa kazi hiyo, itakuwaje tuishike ndani ya usharika, ambako mizizi ya huyu imeshikana na mizizi ya yule, na mama wa unayemtaka aondoke ameketi benchi moja nawe? Tendo lililo wazi tunaagizwa kulionya. Lakini kumpambanua nani ni ngano na nani ni gugu, hatukupewa macho hayo.

Massachusetts ilikuja kutubu. Mwezi Januari 1697 ilitangazwa siku ya kufunga na kuomba. Siku hiyo Samuel Sewall, mmoja wa majaji wa Salem, alisimama kanisani mwake Boston mbele ya watu wote, huku mchungaji akisoma karatasi aliyokuwa ameiandika ya kukiri hatia yake na kuomba msamaha. Waamuzi 12 nao walitia sahihi maneno ya toba. Mwaka 1712 kanisa la Salem liliifuta hukumu ya kumtenga Rebecca Nurse. Ilikuwa imepita miaka 20 tangu anyongwe. Jina lilirudi katika kitabu cha washirika. Mwenye jina hakuweza kurudi.

Kwa hiyo, wapendwa, siku baraza letu litakapoketi na mtu akasema, "Tusafishe," tumwulize kwa upole: tendo gani, nani ameliona, naye mwenyewe amesikilizwa? Tukishapata majibu, tufanye linalotupasa bila woga. Tusipoyapata, tufunge kikao kwa sala, kisha wawili wetu wamtembelee ndugu yule nyumbani kwake kabla hakujapambazuka siku nyingine ya minong'ono.